Kugharimia Ukarabati wa Mali za Mji Baada ya Kimbunga: Mwongozo wa Fedha za Shirikisho Nchini Marekani

Mji wa pwani unapopigwa na kimbunga, hasara haiishii kwenye nyumba za wakazi, kwa kuwa mji wenyewe, ukiwa chombo cha kisheria, unamiliki mali nyingi zisizo na pa kujificha mbele ya upepo na maji: ofisi za halmashauri, vituo vya zimamoto, maktaba, mitambo ya kusafisha majitaka, pampu, mitaro, taa za barabarani na viwanja vya michezo. Nchini Marekani, ambako msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni mosi na kuisha Novemba 30, sehemu kubwa ya gharama za kurudisha mali hizo katika hali yake hubebwa na serikali ya shirikisho kwa mujibu wa Sheria ya Stafford ya mwaka 1988, na msimamizi wa fedha hizo ni Shirika la Shirikisho la Usimamizi wa Dharura, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake, FEMA.

Mwongozo huu unamlenga msomaji aliye karibu na shughuli hizo: mhasibu au mhandisi aliyeajiriwa na mji, diwani, mjumbe wa kamati ya wakazi, mwanafunzi wa utawala wa umma, au mkazi wa kawaida anayetaka kujua kwa nini maktaba ya mtaani kwake bado imefungwa mwaka wa pili baada ya kimbunga. Programu inayozungumziwa huitwa Msaada kwa Umma, nayo ni tofauti kabisa na ile inayowalipa watu binafsi kwa nyumba na vyombo vyao. Hii huzilipa serikali za majimbo, kaunti na miji, makabila ya wenyeji yanayotambuliwa kisheria, pamoja na baadhi ya mashirika yasiyo ya faida; na tangu mwaka 2018 nyumba za ibada nazo zimekubaliwa kuomba, jambo linalofaa kujulikana na makanisa na misikiti ya Waafrika Mashariki yenye majengo yake katika majimbo ya pwani.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote. Fedha hizi si zawadi, wala hazitolewi kwa kuwa mji umeonekana kwenye televisheni ukiwa umezama. Ni marejesho ya gharama zilizothibitishwa kwa maandishi, na mji usioweza kuthibitisha hulipwa pungufu, au haulipwi kabisa, au hulipwa kisha ukatakiwa kurudisha miaka kadhaa baadaye mkaguzi wa hesabu anapopekua mafaili. Kwa sababu hiyo, kugharimia ukarabati ni kazi ya mweka hazina na karani wa kumbukumbu kabla ya kuwa kazi ya fundi, na mji unaosubiri kimbunga kipite ndipo uanze kuandika huwa umeshachelewa.

Tangazo la maafa na saa inayoanza kuhesabu

Fedha za shirikisho hazifunguliwi mpaka Rais atangaze maafa makubwa, na Rais hatangazi mpaka gavana wa jimbo aombe, ombi ambalo kwa kawaida hutakiwa kufika ndani ya siku 30 tangu tukio. Ombi hilo hujengwa kutoka chini: mji huhesabu hasara yake, hupeleka hesabu hiyo kwenye kaunti, kaunti hupeleka kwenye jimbo, kisha maofisa wa jimbo na wa FEMA huizungukia na kuihakiki. Kigezo kimojawapo kinachotazamwa ni uwiano wa hasara na idadi ya watu, ambao katika mwaka wa fedha 2024 ulikuwa dola 1.84 kwa kila mkazi wa jimbo na dola 4.60 kwa kila mkazi wa kaunti. Maana yake ni kwamba jimbo lenye watu milioni 20 lingepaswa kuonyesha hasara ya umma inayokaribia dola milioni 37. Mji mdogo usidhani kwamba hesabu yake ya dola laki mbili haina uzito, kwa sababu kaunti hufikisha kiwango chake kwa kujumlisha hesabu ndogondogo za namna hiyo, na mji ulionyamaza huidhoofisha kaunti nzima.

Baada ya tangazo, na baada ya kaunti husika kutajwa ndani yake, mji una siku 30 za kuwasilisha ombi la kushiriki katika programu, ambalo ni fomu fupi tu isiyohitaji takwimu za hasara. Hufuata kikao cha kupanga kazi kati ya mji na maofisa wa FEMA, na kuanzia kikao hicho mji hupewa siku 60 za kuorodhesha kila kilichoharibika. Muda huu ndio unaoponza wengi. Paa la ofisi ya meya haliwezi kusahaulika, lakini pampu iliyo chini ya ardhi mwisho wa mtaa, jenereta ya akiba ya kituo cha majitaka, kalvati iliyochimbwa na maji upande usioonekana kutoka barabarani, na uzio wa makaburi ya mji husahaulika kwa urahisi, na kuviingiza baada ya siku 60 kupita ni vigumu. Inafaa wakuu wa idara watumwe kuzunguka na orodha kamili ya mali za mji mkononi, si kwa kutegemea kumbukumbu zao, na orodha hiyo iwe ileile inayotumiwa na kampuni ya bima.

Kazi zenyewe hugawanywa katika mafungu saba yanayotajwa kwa herufi. Fungu A ni kuondoa vifusi na miti iliyoanguka, na fungu B ni hatua za dharura za kulinda maisha na mali, kama vile kufunika mapaa kwa turubai na kuendesha jenereta. Hizi mbili huitwa kazi za dharura na hutakiwa kukamilika ndani ya miezi sita tangu tangazo. Mafungu C hadi G, yaani barabara na madaraja, mifumo ya kudhibiti maji, majengo na vifaa, huduma za maji na umeme, na bustani na viwanja vya michezo, huitwa kazi za kudumu na hupewa miezi 18, ingawa jimbo linaweza kuongeza muda panapokuwa na sababu za msingi. Mgawanyo huu haupo kwa ajili ya mafaili tu, kwa maana masharti ya malipo hubadilika kutoka fungu hadi fungu. Kwa mfano, mfanyakazi wa kudumu wa mji anapofanya kazi za dharura, FEMA kwa kawaida hurejesha malipo ya saa za ziada peke yake, kwa hoja kwamba mshahara wake wa kawaida ungelipwa hata kama kimbunga kisingekuja. Mfanyakazi huyohuyo akihamia kwenye kazi za kudumu, saa zake zote huhesabiwa.

Hapa kuna mtego mwingine unaohusu barabara. Barabara zilizomo katika mtandao unaopata fedha za shirikisho haziko chini ya FEMA bali chini ya Utawala wa Barabara Kuu wa Shirikisho, ambao una mfuko wake wa dharura na taratibu zake, na mji unaozichanganya barabara hizo na vichochoro vyake hujikuta umepoteza miezi katika dirisha lisilo lake. Ramani ya barabara zenye hadhi hiyo hupatikana katika idara ya uchukuzi ya jimbo, na inafaa iwepo ofisini kabla ya msimu kuanza.

Ushahidi unavyotengenezwa

Ili mali igharimiwe, mji huthibitisha mambo matatu: kwamba ulikuwa na wajibu wa kisheria juu ya mali hiyo, kwamba mali ilikuwa ikitumika siku ya tukio, na kwamba uharibifu umetokana na kimbunga hicho wala si uchakavu wa zamani. La tatu ndilo gumu. Lami yenye mashimo, paa lililokuwa likivuja tangu miaka mitano iliyopita na mtaro uliojaa tope kwa kukosa kuzibuliwa havigeuki kuwa hasara ya kimbunga kwa sababu tu mvua imepita juu yake, na ofisa wa FEMA atauliza kumbukumbu za matengenezo. Picha ya paa iliyopigwa Mei, yenye tarehe, pamoja na hati ya fundi aliyelikagua, ina thamani kuliko picha mia za Septemba zinazoonyesha paa hilo likiwa chini.

Uzito wa kumbukumbu huonekana vizuri zaidi katika uondoaji wa vifusi, kazi ambayo mara nyingi humeza fedha kabla ya ukarabati wowote kuanza. Lori la mkandarasi hupimwa ujazo wa tela lake kabla ya kuingia kazini, namba na ujazo huo hubandikwa ubavuni mwake, na kila safari huwa na tiketi inayotaja namba ya lori, mahali lilipopakiwa, saa, aina ya takataka na jina la msimamizi aliyeshuhudia. Linapofika kwenye eneo la kumwaga, msimamizi mwingine aliye juu ya mnara wa mbao au jukwaa la kuinuliwa huchungulia ndani ya tela na kuandika limejaa kwa asilimia ngapi, kwa kuwa matawi ya miti yaliyopakiwa ovyo huweza kulifanya lori lionekane limejaa ilhali nusu yake ni hewa. Mji hulipa kwa yadi za ujazo zilizoandikwa kwenye tiketi, na FEMA hurejesha kwa tiketi hizohizo. Msimamizi wa mnarani asiajiriwe na mkandarasi wa malori, na tiketi isiyo na mahali pa kupakia ihesabiwe kuwa haipo.

Mashine za mji wenyewe, kama vile makatapila na malori, hulipiwa kwa saa kufuatana na orodha ya viwango iliyochapishwa na FEMA, lakini daftari la mashine lazima lilingane na karatasi ya saa za dereva. Mashine ikionekana imefanya kazi saa 12 siku ambayo dereva wake ameandikiwa saa 8, saa 4 hazitalipwa na mkaguzi ataanza kuzitilia shaka nyingine zote.

Bima hutangulia

Kanuni ya msingi ni kwamba hasara moja hailipwi mara mbili, na kwa hiyo FEMA hukata kutoka katika malipo yake kila senti ambayo bima imelipa au inatarajiwa kulipa. Mji unaochelewesha madai ya bima kwa kutumaini kwamba serikali ya shirikisho italipa kwanza hujichelewesha wenyewe, na mji unaokubaliana na kampuni ya bima kwa kiasi kidogo bila kupigania haki yake unaweza kuambiwa kwamba pengo hilo ni lake.

Kuna sharti la mafuriko ambalo limewagharimu wengi. Jengo la umma lililomo ndani ya ukanda uliotambuliwa rasmi kuwa na hatari kubwa ya mafuriko kwa zaidi ya mwaka mmoja, likiharibiwa na mafuriko bila kuwa na bima ya mafuriko, malipo yake hupunguzwa kwa kiasi ambacho Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko ungelipa kama bima ingekuwepo, na kikomo cha mpango huo ni dola 500,000 kwa jengo na dola 500,000 nyingine kwa vilivyomo. Kwa mji wenye vituo vitatu vya namna hiyo, kutokata bima kunaweza kumaanisha hasara ya mamilioni ambayo hakuna rufaa itakayoirudisha. Vilevile, baada ya kulipwa, mji huwekewa wajibu wa kukata bima dhidi ya hatari ileile na kuidumisha; ukishindwa, kimbunga kijacho kikiharibu jengo hilo kwa namna hiyohiyo, fedha hazitatolewa. Wajibu huu huandikwa katika hati za mradi, kisha madiwani waliopo huondoka, mweka hazina hustaafu, na bima huachwa iishe muda wake kwa kubana matumizi. Inafaa uingizwe katika azimio rasmi la halmashauri na katika kalenda ya bajeti ya kila mwaka.

Kukarabati au kujenga upya

Swali lenye fedha nyingi kuliko yote ni la asilimia 50. Gharama ya kukarabati jengo ikizidi nusu ya gharama ya kulijenga upya, jengo hustahili kujengwa upya. Isipozidi, hulipiwa ukarabati tu. Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu peke yake, kwamba kituo cha zimamoto kingegharimu dola milioni 8 kukijenga upya: mhandisi mmoja akikadiria ukarabati kwa dola milioni 3.9, uwiano ni asilimia 48.75, na mji utapata hizo milioni 3.9, mwingine akikadiria milioni 4.1, uwiano unafika asilimia 51.25, na mlango wa milioni 8 unafunguka. Tofauti ya dola laki mbili katika makadirio huzaa tofauti ya zaidi ya milioni 4 katika malipo, na laki mbili hizo mara nyingi hujificha katika vitu visivyoonekana kwa macho, kama nyaya zilizoloweshwa na maji ya chumvi ndani ya kuta au ukungu ulioota nyuma ya mbao za dari.

Hesabu ya uwiano ina masharti yake, kwa kuwa gharama za kubomoa, za usanifu na za kufikisha jengo kwenye viwango vipya vya ujenzi haziingizwi katika upande wa ukarabati. Ndiyo maana mji unapaswa kumwajiri mhandisi wake mapema badala ya kutegemea ukaguzi wa mtu aliyetumwa kwa siku mbili, na mhandisi huyo aandike sehemu kwa sehemu, chumba kwa chumba, akieleza kwa nini kila kitu kinahitaji kubadilishwa na si kusafishwa tu. Kutia chumvi katika makadirio ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Kukadiria pungufu kwa haraka au kwa aibu ni kosa pia, ingawa hakuna anayeshitakiwa kwalo.

Viwango vya ujenzi navyo vina nafasi yake. Ikiwa kanuni za ujenzi za mji zinataka jengo linalokarabatiwa liwe na milango ya watu wenye ulemavu au madirisha yanayostahimili upepo mkali, gharama hiyo hulipiwa, mradi kanuni ziwe zimepitishwa kwa maandishi na ziwe zikitumika kwa majengo yote bila ubaguzi, si yale tu ambayo Washington inayalipia. Zaidi ya hapo kuna fedha za kupunguza madhara yajayo, ambazo miji mingi huziacha mezani kwa kutoziomba. Chini ya kifungu cha 406 cha Sheria ya Stafford, mji unaweza kuongeza katika mradi wa ukarabati hatua za kinga zinazohusu sehemu ileile iliyoharibika, na hatua zisizozidi asilimia 15 ya gharama ya ukarabati huhesabiwa kuwa zina faida bila uchambuzi mwingine wa gharama na manufaa. Hospitali ya Bellevue jijini New York ni mfano unaojieleza wenyewe: Oktoba 2012, maji ya kimbunga Sandy yalipoingia katika ghorofa za chini, jenereta zilikuwa salama ghorofa ya 13, lakini pampu za kuzipelekea mafuta zilikuwa chini, wafanyakazi wakalazimika kubeba mafuta kwa mikono kupanda ngazi, na hatimaye wagonjwa wote wakahamishwa. Kurudisha pampu mpya mahali palepale pa chini kungekuwa ukarabati halali na upumbavu kwa wakati mmoja.

Bellevue na taasisi nyingine tatu za hospitali za jiji hilo ziliishia kupata takriban dola bilioni 1.7 kwa utaratibu uliotokana na sheria ya marekebisho iliyopitishwa mwaka 2013 baada ya Sandy, ambayo iliongeza kifungu cha 428. Katika utaratibu huu, mji na FEMA hukubaliana makadirio ya mwisho kabla ya kazi; gharama ikizidi, ziada ni ya mji, ikipungua, mji hubaki na salio na unaweza kulitumia kwa kazi nyingine zinazokubalika. Utaratibu huu unawafaa wenye wahandisi hodari na hifadhi ya fedha, na una hatari kubwa kwa mji mdogo ambao bei za vifaa zikipanda hauna pa kukimbilia.

Fungu la mji na uhaba wa fedha taslimu

Mchango wa serikali ya shirikisho hauwi chini ya asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, na asilimia 25 iliyobaki hugawanywa kati ya jimbo na mji kwa namna inayotofautiana. Florida kwa kawaida hubeba nusu yake, yaani asilimia 12.5, na kuuachia mji nusu nyingine. Yapo majimbo yanayouachia mji karibu mzigo wote. Maafa yakiwa makubwa mno, mchango wa shirikisho unaweza kupandishwa hadi asilimia 90, na baada ya kimbunga Katrina Bunge la Marekani liliifuta kabisa sehemu ya wenyeji mwaka 2007, lakini bajeti ya mji haiwezi kutayarishwa kwa kutegemea rehema ya namna hiyo.

Asilimia 25 si lazima itoke yote mfukoni. Saa za watu waliojitolea kujaza mifuko ya mchanga au kuhudumu katika kambi za waliohamishwa, chakula na vifaa vilivyotolewa bure, vyote hukadiriwa thamani na kuhesabiwa kuwa sehemu ya mchango wa mji, ikiwa majina, tarehe, saa na kazi iliyofanyika vimeandikwa. Daftari la mahudhurio mlangoni mwa ukumbi linaweza kuwa na thamani ya makumi ya maelfu ya dola. Chanzo kingine ni ruzuku za maendeleo ya jamii kwa ajili ya maafa, zinazotolewa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambazo zinaruhusiwa kulipia fungu la wenyeji. Ubaya wake ni kwamba hazipo mpaka Bunge lizipitishie fedha kwa maafa husika, hufika baada ya miezi mingi au miaka, na kwa kawaida hutakiwa ziwanufaishe zaidi watu wa kipato cha chini na cha kati.

Tatizo linaloumiza kuliko asilimia 25 ni muda. Miradi midogo, ambayo kikomo chake kilipandishwa hadi dola milioni moja mwaka 2022 na hurekebishwa kila mwaka, hulipwa kwa makadirio mara inapoidhinishwa. Miradi mikubwa hurejeshewa kadiri gharama zinavyotokea, na fedha hupitia kwanza kwa jimbo, ambalo hukagua ankara upya. Mkandarasi hatasubiri. Mji unahitaji akiba ya dharura, au makubaliano ya mkopo na benki yaliyotiwa saini kabla ya msimu, au hati fungani za muda mfupi zinazodhaminiwa na marejesho yatakayokuja. Mkopo wa maafa kwa jamii unaotolewa na FEMA, ambao kwa kawaida haupiti asilimia 25 ya bajeti ya uendeshaji ya mwaka wala dola milioni 5, husaidia kulipa mishahara pale makusanyo ya kodi yanapoporomoka, lakini hauruhusiwi kutumiwa kwa ujenzi wala kwa kulipia fungu la mji, na kuupangia kazi hiyo katika bajeti ni kujidanganya.

Gharama za kuendesha makaratasi yote haya nazo hulipiwa. Tangu sheria ya mageuzi ya mwaka 2018, mji unaweza kudai gharama za usimamizi hadi asilimia 5 ya jumla ya fedha ulizopewa, bila kukatwa fungu la wenyeji, na hakuna matumizi bora ya fedha hizo kuliko kumwajiri mhasibu ambaye kazi yake pekee ni mafaili ya maafa.

Zabuni

Miji mingi iliyonyang'anywa fedha baadaye haikuiba. Ilikosea taratibu za ununuzi. Zabuni lazima ishindanishwe kwa kufuata kanuni za shirikisho, hata pale kanuni za mji zinaporuhusu wepesi zaidi. Msamaha wa kutoshindanisha upo wakati wa hatari ya dharura, lakini hudumu kadiri hatari yenyewe inavyodumu, si zaidi. Mkataba uliotolewa usiku wa kimbunga kwa ajili ya kufungua barabara usigeuke kuwa mkataba wa kujenga maktaba. Mkataba unaomlipa mkandarasi gharama zake pamoja na asilimia ya gharama hizo umekatazwa moja kwa moja, kwa kuwa unamzawadia kwa kutumia zaidi. Mkataba wa saa na vifaa unakubalika tu pasipo na njia nyingine, ukiwa na kikomo ambacho mkandarasi akikivuka hujilipia mwenyewe. Kampuni iliyosaidia kuandika vipimo vya kazi hairuhusiwi kuiomba kazi hiyo. Njia ya busara ni kufunga mikataba ya vifusi na ya usimamizi wa vifusi Aprili au Mei, kwa ushindani wa kawaida, ikisubiri kuamshwa kimbunga kikija.

Kazi za kudumu pia zisianze kabla ya mapitio ya mazingira na ya urithi wa kihistoria kukamilika. Kubomoa ukuta wa jengo kongwe linalolindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Urithi ya mwaka 1966 kabla ya kibali kunaweza kuufuta mradi mzima, hata ukuta ukiwa umepasuka.

Kukataliwa, kukata rufaa na kufunga hesabu

Uamuzi wa FEMA si wa mwisho. Mji una siku 60 za kukata rufaa kupitia jimbo lake, na rufaa ya pili hufuata katika makao makuu. Badala ya rufaa ya pili, mgogoro unaozidi dola 500,000, au dola 100,000 kwa maeneo ya vijijini, unaweza kupelekwa mbele ya bodi huru ya usuluhishi. Faida ya msuluhishi wa nje ilionekana New Orleans. Baada ya Katrina kuifunga Hospitali ya Charity Agosti 2005, FEMA na jimbo la Louisiana walibishana kwa miaka kama uharibifu ulivuka asilimia 50. Shirika lilikuwa tayari kutoa dola milioni 150, jimbo likidai milioni 492. Januari 2010 jopo la usuluhishi liliamua jimbo lilipwe takriban dola milioni 475. Kilichoamua si machozi ya wagonjwa waliokosa hospitali, bali ripoti za wahandisi zilizoandikwa kwa kina. Hata hivyo hospitali mpya iliyochukua nafasi yake ilifunguliwa mwaka 2015, na anayeingia katika mgogoro aingie akijua kwamba kushinda huchukua muda.

Msomaji atambue pia kwamba programu yenyewe imo katika mjadala. Januari 2025 Rais aliunda baraza la kuitathmini FEMA, na mwelekeo wa kuyabebesha majimbo mzigo mkubwa zaidi umetajwa wazi. Viwango vya dola vilivyotajwa hapa vihakikiwe na ofisi ya dharura ya jimbo kabla ya kutumiwa katika hesabu yoyote.

Mradi ukikamilika, jimbo hufunga hesabu na kutuma barua ya kufunga, na kuanzia hapo kumbukumbu zote hutakiwa kutunzwa kwa miaka mitatu zaidi. Karani anayehama ofisi asiondoke na nywila za kompyuta, na tiketi za malori, karatasi za saa na picha za Mei zisitupwe hadi miaka hiyo iishe.